Kosa Lisilopiga Kengele

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kwa kawaida hukwepa hesabu za desimali. Rejista za hesabu hizo huwa na kazi ya programu ya mtumiaji iliyokatizwa katikati. Kerneli ikiziandika bila kuhifadhi yaliyomo, mwenyewe atarudi akute namba nyingine, na hakuna kengele itakayolia.

Kiendeshi cha michoro cha AMD kinazihitaji desimali, kwa kukadiria kasi na kumbukumbu inayotakiwa na skrini. Basi waandishi wake wamezitenga kwenye folda yake. Anayeziita sharti ahifadhi rejista kwanza, akimaliza azirudishe kama zilivyokuwa.

Je, kosa ambalo aliyekosewa hatalijua kamwe ni kosa? Zamani ningesita kujibu. Bwenini niliazima kikokotoo cha mwenzangu, nikakitoa kwenye digrii nikakiweka kwenye radiani, nikakirudisha mezani. Kesho yake aliingia nacho kwenye mtihani. Alitoka akisema hisabati haimpendi, na muhula uliofuata akaiacha. Sikumwambia. Niliomba ruhusa, tena akanipa kwa moyo mweupe. Ndivyo nilivyojitetea mwaka mzima.