Msimtafute Mchawi Kinywani mwa Mamba

Enyi watu wa Kalemie, ninyi mnaolala kando ya Lukuga, na ninyi ambao ziwa limewafuata mpaka kizingitini, nisikilizeni! Mamba hakutumwa na mtu. Kiboko hafugwi na mama mzee wa parseli ya jirani. Nimekaa kwenye matanga mengi ya kando ya maji na najua neno linavyoanza. Mtoto amechukuliwa, wanaume wamezunguka na pirogi mpaka mikono imekufa ganzi, mwili haujaonekana. Kabla jua halijazama, mtu anainama sikioni mwa mwenzake na kuuliza: "Ile mamba ni ya nani?"

Swali hilo likataeni, kwa jina la Mungu aliyeumba maji na vyote viendavyo ndani yake!

Fungueni Kitabu cha Ayubu. Mtu yule alizika watoto kumi kwa mara moja, akapoteza mali na afya. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wakaja wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Laiti wangeishia hapo! Walipofungua vinywa walianza kumtafuta mwenye kosa, maana kwao hapakuwa na msiba usio na mkosaji. Mwishowe Mungu mwenyewe akasema na Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, na mwisho wa maneno yake akamwonyesha wanyama wawili wakubwa. Katika Biblia yetu ya Kiswahili wanyama hao wanaitwa kiboko na mamba. Wanyama wa Lukuga, ndugu zangu! Mungu anasema ni kazi ya mikono yake. Hamtaji mwanadamu yeyote aliyewatuma. Kisha hasira yake inawawakia wale rafiki watatu. Wewe unayenong'ona msibani, soma sura ile ya mwisho ukitetemeka.

Mtaniuliza: kama hawakutumwa, mbona siku hizi wanatuingilia mpaka nyumbani? Tazameni maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, linapokea Ruzizi na Malagarasi na mito mingine mingi, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga yetu hii. Mvua ikizidi, maji hujaa haraka kuliko mlango huo unavyoweza kuyatoa. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika hapa mwaka 1874 aliukuta mto umezibwa na mchanga na majani. Ziwa likaendelea kupanda, na miaka michache baadaye maji yakavunja kizuizi yakashuka kwa nguvu kuelekea Lualaba. Likapanda tena miaka ya 1960, na wazee wanaokumbuka maji ya 1964 wangali hai. Tangu 2020 limetusogelea upya, na mwaka 2024 liliingia nyumba za watu. Maji yanapofika, mnyama wa maji hufika nayo. Yeye hana habari za mipaka ya parseli.

Nasi tumemsogelea pia. Matete tumefyeka, ukingo tumelima, na mahali kiboko alipokuwa akichunga usiku tumesimamisha nyumba. Sisemi haya kuwalaumu waliokimbia vita vya Manono na Nyunzu wakafika hapa na godoro moja kichwani. Wangejenga wapi, kama mahali pakavu pana wenyewe?

Nawaambieni habari za familia moja ninayoijua, yenye nyumba hatua chache kutoka mtoni. Usiku mmoja walisikia kitu kikitafuna nyuma ya jiko. Baba akashika tochi na panga. Mama akamvuta shati kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika, akamwambia: "Kaa." Wakazima taa, wakakaa kitandani na watoto, wakisikiliza pumzi nzito upande wa pili wa ukuta, mpaka karibu na alfajiri. Kulipokucha wakakuta nyayo pana za vidole vinne, na tuta zima la matembele limekatwa hadi chini. Mama yule alikuwa na hekima iliyowapungukia wanaume wengi waliokwisha kuzikwa. Kiboko anaweza kufikia uzito wa tani moja na nusu au zaidi, anamshinda mtu kwa mbio, na kwa usiku mmoja anaweza kula kilo 40 za majani. Akitoka majini anatafuta malisho tu. Anaua akikutwa ana mtoto, au mtu akisimama kati yake na maji.

Haikupita muda mrefu, binti wa nyumba hiyo akaenda kuteka maji kungali giza, maana bomba lilikuwa limekauka. Alikuwa amesukuma bidoni mbele yake lijae. Mamba akauma bidoni. Nimelishika kwa mikono yangu: la njano, limetobolewa pande zote mbili, mashimo ambayo kidole changu kidogo kinaingia. Mtoto alirudi nyumbani mzima. Mtaa mzima ungepaswa kupiga magoti kumshukuru Mungu!

Badala yake, kufikia jioni watu walikuwa wanauliza kwa nini mamba amemwacha mtoto wa nyumba ile. Jibu likawa tayari: bibi yake anamjua mamba. Bibi huyo ni mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa kukausha ndakala maisha yake yote. Wakasema macho yale ni ya mulozi, ya mchawi. Watoto aliowapakata wakarusha mawe kwenye mabati yake. Mnaona tulipofika? Mtoto akifa, bibi ameua. Mtoto akipona, bibi ameagana na mamba. Bibi huyu angefanya nini ili aonekane hana hatia?

Mamba hahitaji bwana wa kumwelekeza. Anaweza kukaa chini ya maji karibu saa nzima. Anawaona watu wakija mahali pale pale, wakati ule ule, kila siku, naye anasubiri mahali hapo. Hata Gustave, yule mamba wa mto Ruzizi, aliyewatisha watu wa Bujumbura miaka na miaka na kukwepa mtego wa chuma aliotegewa, alikuwa mnyama tu, mkubwa, mzee, mwenye makovu ya risasi mwilini.

Na ninyi wachungaji, manabii, viongozi wa maombi ya usiku! Ninyi mnaofunga macho na kutaja jina la mjane mbele ya watu wenye hasira, damu yake itatakwa mikononi mwenu. Ukimtaja mtoto kuwa mchawi, hata sheria ya nchi inakushika: sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160. Mbele za Mungu, mama mzee naye analindwa vivyo hivyo.

Wala msiseme basi tuwaue wanyama wote. Kule kwenye hifadhi ya Virunga, kando ya Ziwa Edward, viboko walipita 25,000 miaka ya 1970, na kufikia 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wengi wameuawa kwa bunduki za vita. Wavuvi wa ziwa hilo hawakutajirika kwa hilo, maana kinyesi cha kiboko ndicho kinacholisha maji, na maji yakalisha samaki.

Hasira mliyo nayo ipelekeni inakostahili. Daini bomba! Binti hakwenda mtoni gizani kwa kupenda, na maji hayo hayo ndiyo yanayotuletea kipindupindu kila mwaka. Shefu wa kartye aulizwe, meya aulizwe, mbunge aulizwe, bila matusi na bila kuchoka. Wakati tunangoja, acheni kumtuma mtoto peke yake majini alfajiri au magharibi. Msitupe matumbo ya samaki mahali pa kuteka maji. Njia ya kiboko msiizibe kwa bustani. Tochi ikimwonyesha, rudini ndani.

Huko Sri Lanka watu wa mtoni hupiga nguzo ndani ya maji, zimebanana, wakazungushia mahali pa kuoga na kuteka, na mamba hubaki nje. Miti tunayo, na mafundi wa pirogi tunao. Jumamosi hii wanaume wa kila kanisa walio karibu na Lukuga waje na shoka na kamba, saa tatu asubuhi, jua likiwa limepanda. Akina mama watuonyeshe wanapotekea, nasi tuanzie hapo. Na kabla hatujapiga nguzo ya kwanza, wazee wa kanisa waende nyumbani kwa bibi yule, mchana, watu wote wakiona, wakae mkekani pake na kula bukari lake.