Aendaye Peke Yake

Je, aendaye peke yake njiani hana deni kwa mtu? Zamani misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mgunda Mkali, nyika yenye maji haba. Wapagazi Wanyamwezi walikwenda wengi pamoja, kwani nyika humshinda mmoja. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na siku hizi iko barabara ya lami.

Sisi nasi tulipita huko peke yetu katika motokaa, tukifurahia ukimya. Mzee mmoja alitupungia mkono, wala hatukusimama. Na maji tulikuwa nayo. Mbele tulijuta, tukarudi, tusimkute.

Basi, kwenda peke yako si kosa. Lakini njia hii ilifanywa na nyayo za wengi. Achukuaye maji humo, amechukua na ya mwenziwe.