Je, Kukawia Ni Kukosa Huruma?

Mwenye uvimbe shingoni humlilia daktari, “Kata upesi!” Akikawia, twamwita mwoga. Hata mimi ningelia vivyo hivyo. Lakini uko uvimbe wa nadra uotao penye panda ya mshipa mkubwa upelekao damu kichwani. Ukisukumwa kwa kidole huenda kando, bali kupanda na kushuka ni shida, pengine hudunda. Ukikatwa kipande ili upimwe, damu yaweza kububujika hata kuhatarisha uhai. Kwa hiyo kwanza hupigwa picha za CT au MRI, zionyeshazo mishipa. Nao kwa kawaida hukua polepole. Basi mwenye huruma ni yupi: atiiye kilio chetu, au avumiliaye lawama mpaka ajue akatacho? Kwangu ni huyu wa pili. Ila na amweleze mgonjwa sababu ya kungoja, maana shingo ni yake.