Kangomba ya Sarafu

Neno "hela" tumelirithi kutoka kwa heller, sarafu ndogo ya Wajerumani. Kwa wakusanyaji wa sarafu, heller ya 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 ina raha yake. Waingereza walikuwa wameifunga pwani, sarafu haziji tena kutoka Ujerumani, kwa hiyo zikapigwa hapa hapa, haraka haraka, kwa shaba nyekundu na ya njano. Ndiyo maana hazifanani. Nyingine zina taji kubwa, nyingine dogo. Katika nyingine ncha ya herufi L imechongoka, katika nyingine imejikunja. Hata rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, zilizotoka 16,198 tu, zina aina mbili. Aina moja ikiwa adimu kuliko nyenzake, bei hupanda.

Tuseme mzee mmoja wa Mpapura, akipalilia mikorosho yake, anaokota heller ya aina adimu. Anapita kijana anayezijua, anaitazama ile L, ananyamaza. "Mzee wangu, nitakupa elfu tano." Mzee anapokea na kushukuru. Hakuna uongo uliosemwa. Je, kuna dhuluma?

Kijana ana hoja. Ametumia miaka kujifunza kilichofichika kwenye ncha ya herufi. Bila watu kama yeye, sarafu ile ingeyeyushwa ikawa pete. Elimu ni jasho, na jasho hulipwa.

Kweli hulipwa. Lakini kulipwa jasho lako ni jambo moja, kuchukua tofauti yote ya bei ni jambo jingine. Mtwara tunayo kangomba: mkulima mwenye shida hununuliwa korosho zake kwa bei ya kutupa, nje ya mnada. Anakubali kwa mdomo wake mwenyewe, na bado tunasema ameonewa. Kangomba hutumia shida ya mtu. Kijana wetu anatumia kutojua kwake. Fiqhi ya Kiislamu iliiona hata hiyo zamani: hairuhusu kuupokea msafara njiani, kabla wenye bidhaa hawajafika sokoni wakajua bei.

Matapeli wa "rupia", wanaomuuzia mtu wa mjini siri ya hazina ya Mjerumani, wanafanya biashara ile ile kwa kuigeuza. Wao wanauza ujuzi wasiokuwa nao; yeye anauficha alio nao. Wote wanaishi kwenye giza la mwenzao.

Kipimo changu ni chepesi: fungua katalogi mbele ya mzee. Mwonyeshe taji, mwonyeshe L, mtajie bei, kisha utaje fungu lako kwa kazi ya kuitambua na kuitafutia mnunuzi. Akikubali, chukua kwa moyo mweupe. Lakini kama biashara yako inakufa pale kitabu kinapofunguliwa, ulichokuwa ukinunua kwa elfu tano hakikuwa sarafu. Kilikuwa kutojua kwa mzee.