Kujua na Kukariri

Mtihani ni mizani ya elimu. Mizani ya sokoni ikipunja, anayedhulumiwa ni mnunuzi. Je, mizani ya elimu ikipunja, ni nani adhulumiwaye? Swali hili lakuhusu, ewe mwanafunzi, kwa sababu leo wewe ndiwe upimwaye, na kesho huenda ukawa mpimaji.

Tuchague elimu moja, nayo ni elimu ya ardhi. Na mahali pamoja, napo ni Kikopey, karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa. Wasafiri wa barabara ya Nairobi na Nakuru hupajua kwa nyama ya kuchoma. Lakini pana zaidi ya nyama. Karibu yake limetanda ziwa Elmenteita lenye maji ya magadi, na ukingoni mwake hububujika chemchemi za maji ya moto. Si mbali na hapo pana Kariandusi, ambapo Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale, na ambapo mwamba mweupe, mwepesi, uitwao diatomaiti, umechimbwa kwa miaka mingi.

Mwulize mwanafunzi diatomaiti hupatikana wapi. Atajibu kuwa ni Kariandusi, naye atapewa alama. Mwulize tena kwa nini mwamba huo uko juu, mbali na maji ya ziwa. Huenda akanyamaza. Mwamba ule ni maganda ya viumbe vya majini, vidogo visivyoonekana kwa macho matupu, vilivyokufa na kuzama kwa mamilioni katika sakafu ya ziwa. Maana yake ni kuwa nchi ile kavu ilikuwa chini ya maji, na Elmenteita ya leo ni baki la ziwa lililokuwa kubwa zaidi. Jibu la kwanza lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa jina la elimu tu. Elimu yenyewe imo katika jibu la pili.

Upungufu huu si wa shule zetu peke yake. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Julie Libarkin na Steven Anderson, walitangaza matokeo ya mtihani waliowapa wanafunzi wa vyuo mwanzoni na mwishoni mwa masomo ya sayansi ya dunia. Mtihani huo ulitungwa ili upime maana badala ya majina. Ilionekana kuwa wengi walitoka na dhana potofu zile zile walizoingia nazo.

Yuko atakayesema kuwa majina hayana budi kukaririwa, na kuwa swali lenye jibu moja huwapima wote kwa haki. Asemayo yana ukweli, kwani asiye na maneno hana cha kufikiria kwacho. Lakini haki gani hiyo, ikiwa mizani hupima gunia na kuiacha nafaka?

Madhara yake huonekana siku ya msiba. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa, ikakata barabara ya Maai Mahiu na Narok, na watu wakahama nyumba zao. Habari zilienea duniani kuwa Afrika inagawanyika. Aliyekariri kuwa Bonde la Ufa linapanuka aliitikia mara moja. Aliyeelewa alifanya hesabu: bonde hupanuka milimita chache tu kwa mwaka, hata zikiwa milimita 5, upana wa mita 10 wadai miaka 2000. Wataalamu kadhaa wa jiolojia walieleza kuwa maji ya mvua yalichukua majivu laini ya volkano yaliyomo ardhini. Mama aliyeuliza kama ajenge tena palepale alihitaji jibu la mtu aliyeelewa. Jibu la kasuku lingemtia hofu isiyo na faida, lisimwonyeshe njia ya maji.

Basi alama ni ushahidi. Mwalimu aitoapo huushuhudia ulimwengu kuwa huyu anajua; na mwanafunzi aipokeapo hukubali dhamana. Mwalimu na aulize swali ambalo jibu lake halimo katika daftari. Nawe, kabla hujaulizwa na mtu, jiulize habari ya ardhi uikanyagayo: imetoka wapi, na nimejuaje? Anayemdanganya msahihishaji hupata cheti. Anayejidanganya nafsi yake hupoteza hata kile alichokifuata shuleni.