Nani Ameiangusha Nyumba ya Baba?

Nyumba ikianguka kwa mvua, na hapana mkono wa mtu ulioigusa, je, yuko wa kulaumiwa? Wengi watajibu kuwa mvua haina mshitakiwa. Jibu hili ni jepesi mno. Ili kulipima, ndugu msomaji, natuiache pwani yetu kidogo tutazame Meru na Embu, mashariki ya Mlima Kenya, ambako mvua haimjii mtu kwa siri: masika huanza mwezi wa Machi na vuli mwezi wa Oktoba, na upande wa Meru hiyo ya vuli mara nyingi ndiyo kubwa.

Nyumba za urithi za huko si kongwe kama za Lamu. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Embu na wengi wa Meru ikawatia katika vijiji vya lazima, na miji yao ya kale ikawa mahame. Waliporejea mashambani walijenga upya. Na mwenye mibuni, kwani Waafrika wa huko walianza kuruhusiwa kulima kahawa katika miaka ya 1930, alipata fedha za mbao na mabati. Hizo ndizo wajukuu wanazoziita leo nyumba za babu: nguzo za mti, kuta za mbao, jiko limejitenga uani, na ghala la mahindi limeinuliwa juu ya miguu lisifikwe na unyevu.

Nyumba hiyo haidai makubwa. Mwezi wa Februari au Septemba, nchi ikiwa kavu, huzibwa matundu ya misumari, huzolewa majani katika mifereji ya mabati, na miguu ya nguzo hupakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Lakini tundu lililoachwa Februari, ukifika Mei, limekwisha kuilowesha mbao. Na baada ya miaka michache pembe nzima imelala. Sisi twayajua haya kwa boriti zetu: maji hufuata ncha iliyozama ukutani, ikaoza pasipoonekana.

Basi mwenye haki katika nyumba, naye aijua siku ya mvua, akisema "tutaitazama mwakani," huyo hakusahau. Ameamua.

Na hapa ndipo penye dhuluma. Aghalabu hubaki mmoja nyumbani, mama mjane au dada asiyeolewa, na wengine wako Nairobi au Mombasa. Likitajwa fungu, kila mmoja alijua lake, ikitajwa gharama, wote husema, "Anayekaa ndiye atengeneze." Mimi siyakubali maneno haya. Anayekaa ni juu yake kile anachokichakaza kwa kukaa. Paa na nguzo ni za mali yenyewe, na mali ina wenyewe, kila mtu kwa kadiri ya fungu lake. Tena, yule dada ndiye anayefagia mifereji, ndiye anayefungua madirisha, na moshi wa jiko lake ndio unaozuia fukusi katika mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moto. Kazi hiyo haiandikwi popote, nayo ingepasa kuhesabiwa kuwa mchango.

Ama anayesema nyumba ni mbovu, ivunjwe ijengwe ya mawe, hana kosa. Hapana aliyeumbwa kuwa mtumwa wa mbao. Lakini na waketi waseme wazi, waivunje wakati wa ukavu mbao zifae tena, na mama aambiwe kwanza atalala wapi. Wengi hawathubutu kuitamka hukumu hiyo, huiachia mvua.

Limebaki suala moja. Mrithi akiezeka bila ya shauri la wenzake, je, ana haki ya kudai? Ikiwa paa halikuweza kungoja, naye aliwapelekea habari wakanyamaza, naona arudishiwe kabla ya chochote kugawanywa. Ikiwa aliongeza vyumba kwa kupenda kwake, hilo ni lake na mfuko wake.