Nilimwambia ni Mbovu

Mwezi uliopita vijana wawili wa kikundi chetu hapa Kiryandongo walinijia wakigombana. Mmoja alikuwa amemuuzia mwenzake simu. Alimwambia wazi kuwa ni mbovu, ataitengeneza. Hakumwambia kwamba iliwahi kuanguka ndani ya maji na mafundi wawili walishaishindwa. Mnunuzi akabadilisha betri, akabadilisha kioo, simu ikafa kabisa.

"Si nilikuambia ni mbovu?" muuzaji akasema. Wakanigeukia mimi niamue.

Nilikaa kimya kidogo. Hiyo kesi naijua vizuri, kwa sababu niliwahi kuwa yule muuzaji. Yangu ilikuwa pikipiki.

Wakenya wengi wa hapa tuliingia Uganda mwanzoni mwa 2008 kupitia Busia na Malaba, tukikimbia ghasia za baada ya uchaguzi. Tulikaa Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha tukaletwa Kiryandongo. Nilikuwa mtoto. Nilipomaliza Senior Four nilirudi Tororo kwa baba mdogo, fundi wa pikipiki. Akanipa Yamaha Mate kuukuu, ile ndogo inayochoma oili pamoja na petroli. "Ukiiamsha ni yako," akasema.

Niliiamsha. Lakini kasha la chini la injini lilikuwa na ufa. Baba mdogo alinionyesha kwa kidole na kunieleza: kwa injini ya aina hii, ufa pale unavuta hewa, hewa inazidi petroli, injini inachemka mpaka pistoni inakamata. Unaweza kununua pistoni na ringi mpya kila mara, zitakufa zote kama ufa bado upo. Mimi nikaziba kwa gundi ya chuma, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya fedha. Ukiangalia, huoni kitu.

Dada yangu alikuwa anadaiwa karo. Nikaipakia kwenye pikapu mpaka Busia, upande wa Uganda. Huko mpakani ndiko inasemekana jina boda boda lilizaliwa, enzi watu walipovushwa kwa baiskeli. Nikapata kijana wa rika langu, mbeba mizigo. Alitaka pikipiki ya kutengeneza polepole, spea moja kila akipata hela, mwishowe aingie stejini.

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Mbona unauza, kaka?"

"Karo ya dada yangu."

"Na injini?"

"Inahitaji kazi. Nauza vile ilivyo."

Akalipa shilingi laki tatu na nusu za Uganda. Angeuona ufa, nadhani nisingepata zaidi ya laki mbili.

Sasa niambie, nilidanganya wapi? Kila nilichosema kilikuwa kweli. Bei ilikuwa ya kitu kibovu. Yeye ni mtu mzima, angeweza kuja na fundi. Na mimi pia nilikuwa na shida. Hizo hoja zote nimezijaribu miaka hii yote, na siwezi kusema hazina uzito. Maskini akimuuzia maskini, nani amhurumie nani?

Lakini kuna jambo linanishinda. Neno "vile ilivyo" ni la haki kwa yale ambayo sote wawili hatuyajui. Sikujua gia zitadumu muda gani, hiyo bahati nasibu alikubali kuicheza. Ufa niliujua. Si kuujua tu, niliupaka rangi.

Tena mtu anayenunua kitu cha kutengeneza hanunui kile kitu peke yake. Ananunua kazi iliyo mbele yake, na kazi hiyo lazima ajue inaanzia wapi. Kwa kumficha, sikuchukua ile laki na nusu tu. Nilimtuma akanunue pistoni ambazo nilijua zitaungua, kwa pesa ya kubeba magunia.

Sisi wa kambini tunaelewa uchungu huu. Wengi tumewahi kuuliza kuhusu faili zetu tukajibiwa, "Linashughulikiwa." Ni kweli, linashughulikiwa. Lakini kama mwenye kujibu anajua kuna karatasi inakosekana na hasemi, ile kweli yake inakusaidia nini? Unarudi nyumbani, unangoja mwaka. Ndugu zetu mnaofanya kazi za misaada, hili nawaambia bila ubaya, kwa sababu nami nimelifanya.

Wenzetu Waislamu husimulia jinsi Mtume Muhammad alivyopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza muuzaji kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Muuzaji alisema ni mvua iliinyeshea. Hata mvua haikumpa ruhusa ya kuificha.

Basi vijana wale niliwaambia hivi: kusema "ni mbovu" hakutoshi kama unajua ni mbovu wapi. Kabla ya kupokea pesa, weka kidole pale palipoharibika, kama baba mdogo alivyoniwekea mimi. Bei ikishuka, ishuke. Muuzaji alinung'unika, lakini amekubali kurudisha nusu, kwa awamu mbili.

Halafu yule mnunuzi akaniuliza, "Na wewe, wa Busia ulimrudishia?"

Nilijaribu kumpigia mwaka jana. Namba haipatikani. Dada yangu alimaliza shule, na ile laki na nusu bado ni ya mtu mwingine.